Ndama Asiyefanana na Katuni

"Hapo kwenye kisu, rudia," alisema Sajenti Salha.

Zablon akacheka, akavuta kiti mbele. Alikuwa kijana wa Arusha mjini, kofia ya kampuni ya filamu kichwani, redio ya mawasiliano kiunoni. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila wanachotaka wageni kinapatikana: magari, mahema, punda, hata mvua ikibidi.

"Afande, si nimeshasema? Juzi jioni napita nyuma ya zizi, namsikia Nashilu anaongea na ndama. Anamwambia, 'Hawa watakuchinja kwa kisu cha dhahabu kama kwenye katuni. Kabla hawajakuchinja nitakutorosha.' Jana asubuhi ndama hayupo. Sasa mnataka niwaletee na picha?"

"Kisu cha dhahabu."

"Kwa masikio yangu haya."

"Alisema kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Kwani mimi najua lugha gani nyingine?"

Salha akamshukuru, akamwachia aende. Alibaki ameshika kalamu bila kuandika. Kuna kitu kilikuwa kinamkera, kama punje ya mchanga kwenye wali.

Katuni yenyewe aliijua. Hakuna aliyekulia Karatu asiijue. *Ndama wa Mwezi*: binti yatima anayesulubiwa na mama wa kambo, rafiki yake pekee ni ndama mweusi mwenye mwezi mweupe kwenye paji la uso. Wazungu waliichora zamani. Sasa wamerudi kuipiga upya kwa watu halisi, ndama halisi na ukungu halisi wa Ngorongoro, na mwezi mzima sasa walikuwa wamepiga kambi kwenye shamba la kahawa chini ya msitu. Salha alikuwa ameitazama ile katuni utotoni hadi akaweza kuisema pamoja na kioo. Na hakuwahi kuona kisu.

Mkuu wake, Inspekta Melkizedek, mtu wa Moshi asiyependa maneno mengi, alimkuta koridoni.

"Shahidi tunaye, mshukiwa tunaye. Ndama alikuwa hakubali kutembea na mtu mwingine yeyote zaidi ya huyo binti. Kesho asubuhi anakwenda mahakamani, wizi wa mifugo."

"Ndama ni wa mama yake, Afande. Mtu anaibaje ng'ombe wa kwao?"

"Mkataba unasema ndama yuko mikononi mwa kampuni mpaka filamu iishe. Ukimtoa bila ruhusa umeiba, hata kama umemzaa wewe."

"Ndama mwenyewe hatujampata."

"Yuko msituni au yuko tumboni mwa fisi."

"Nipe leo."

Melkizedek akamtazama. "Leo ni yako. Kesho siyo yangu wala yako, ni ya hakimu."

Mahabusu, Nashilu alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, shuka lake jekundu limefungwa vizuri kama anasubiri wageni. Msichana wa miaka kumi na tisa, wa kule juu Nainokanoka. Kampuni ilikuwa imemwajiri kumwongoza ndama mbele ya kamera, kwa sababu mwigizaji waliyekuja naye alipomshika kamba, ndama alikaa chini kama mzigo wa mahindi.

"Wameniletea karatasi ya kukiri," alisema kabla hajaulizwa. "Wanasema nikikiri nikaomba radhi, kampuni itanisamehe. Sisamehewi mimi. Sijafanya kitu."

"Sijaja na karatasi. Nimekuja na swali la kijinga. Ile katuni unaijua?"

"*Ndama wa Mwezi*? Niliiona mnadani nikiwa mdogo. Kwa yule mzee wa kipaza sauti."

"Inaishaje?"

Nashilu akamwangalia kama aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Si unajua, Afande? Mwishoni betri ya mzee inazimika, lakini yeye anaendelea kusimulia gizani. Binti anafungua zizi, anamwambia ndama, nenda kwa mama yako. Mama ng'ombe anaita kutoka mlimani, ndama anaitika. Yule mzee alikuwa analia kabisa kama ng'ombe, mpaka ng'ombe wa mnadani wanamjibu."

"Hakuna kisu?"

"Kisu cha nini?"

Salha akachuchumaa mbele yake. "Na huyu ndama wenu, unaongea naye lugha gani?"

"Narok? Kimaasai. Kiswahili hajasoma."

Salha alitaka kucheka, akajizuia. "Uligombana na wageni?"

"Niligombana. Narok ana doa jeupe hapa kwenye paji, kama jani. Wao wakataka mwezi wa duara. Wakawa wanampaka rangi kila asubuhi. Halafu ni jike, wamemfanya dume. Halafu wakasema mwembamba. Nikawaambia, huyu amezaliwa, hakuchorwa. Mkitaka wa kuchora, si mnaye?"

*

Njia ya kwenda shambani ilikuwa imelowa. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye ukingo wa kreta na kukaa juu ya mibuni, na watu wa kampuni walikuwa wanaufurahia kama umenunuliwa.

Salha alianza na zizi. Lilikuwa zizi la filamu, miiba ya upande mmoja ya kweli, ya upande wa pili ya plastiki. Mlinzi akamwonyesha alama ambazo kila mtu alikuwa amekwisha kuziona: nyayo za kandambili za matairi, zimetoka langoni, zimekata kushoto, zimeingia msituni.

"Maasai huyo," mlinzi akasema. "Hakuna mjadala."

"Wewe umevaa nini?"

Mlinzi akaangalia miguu yake. Kandambili za matairi.

"Tumepewa wote," akasema polepole. "Wale wanaopita nyuma kwenye picha. Stoo ya mavazi wanazo gunia zima."

"Nashilu alikuwa anavaa nini?"

"Yeboyebo za plastiki. Za pinki. Walimkataza, akakataa."

Salha akachuchumaa. Nyayo za kandambili zilikwenda msituni, sawa. Lakini kwato ndogo za ndama hazikwenda nazo. Kwato zilitoka langoni, zikakata kulia, zikayumba. Mara mbili ndama alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Zikafika mahali magari yanapoegeshwa, zikaishia hapo, katikati ya alama za matairi mapana. Ndama hana mabawa.

Akarudi ndani ya zizi. Marehemu baba yake alikuwa mnunuzi wa ng'ombe mnadani, na Salha alikuwa ameshajifunza kunusa zizi kabla hajajua kusoma. Kinyesi kwenye kona kilikuwa cha kijani na chepesi, kina povu kama sabuni. Pembeni kulikuwa na ndoo. Ndani ya ndoo, majani ya maharage yaliyokatwa mabichi, sasa yameanza kunyauka, yamechanganywa na unga wa mahindi.

"Nani anamlisha hivi?"

"Nashilu anampa nyasi tu," mlinzi alisema. "Na maziwa ya mama yake, wanamleta ng'ombe asubuhi. Hiyo ndoo mimi siijui. Nashilu akienda kula, bosi Zablon huwa anaingia."

Salha akafunga ndoo kwenye mfuko, akaandika tarehe na jina la mlinzi, akamwomba atie saini.

Mwongozaji wa filamu alikuwa mama wa Kizungu aitwaye Maren, aliyewahi kuishi Arusha na kujua Kiswahili cha sokoni, kinachotosha kununua na kugombana. Hema lake lilikuwa limezungukwa na michoro. Ukuta mzima, picha kwa picha, ile katuni ya zamani. Chini ya kila mchoro wamebandika picha ya kweli waliyoipiga wao. Binti chini ya binti. Mlima chini ya mlima. Na chini ya ndama wa katuni, mviringo kama chungu, miguu mifupi, macho makubwa kama visahani, alikuwa Narok: mrefu, mkavu, masikio ya pembeni, anatazama kamera kwa dharau.

"Hafanani," Salha akasema.

"Hafanani!" Maren akainua mikono. "Mimi nasema kila siku. Tumbo! Watoto wanakumbuka tumbo. Lakini nasema pia, si shida, kompyuta itanenepesha baadaye. Nimemwambia Zablon, usihangaike."

"Ulimwambia usihangaike, au ulimwambia tumbo?"

Maren akashusha mikono. "Tumbo nimesema mara nyingi zaidi."

"Na mnyama akiumia hapa, inakuwaje?"

"Akiumia? Tunafunga kazi. Kampuni ina sheria kali sana. Aliyemuumiza anaondoka siku hiyohiyo."

Salha akasogea hadi mwisho wa ukuta. Safu ya mwisho ya michoro ilikuwa imefunikwa na karatasi nyeusi.

"Mwisho ni siri," Maren alisema. "Hata waigizaji hawajapewa. Zablon hana, yule binti hana."

"Sitaki kuuona. Nataka kujua kitu kimoja. Kuna kisu?"

Mama yule akashangaa, kisha akashusha sauti. "Kwenye ya zamani kipo. Kisu cha dhahabu. Binti anachinja ndama, anatoka mwana wa mfalme. Lakini sisi tumetoa. Wakati huu, hapana. Watoto wanalia, wazazi wanaandika barua. Kwetu ndama anaishi."

"Na ya zamani mtu anaweza kuiona wapi leo?"

"Hakuna mahali. Tumeondoa yote mpaka mpya itoke. Mwaka wa pili sasa."

Salha alitoka nje akasimama kwenye ukungu. Kwenye filamu mpya kisu hakipo. Kwenye katuni ya mnadani hakikuwepo. Basi Nashilu angekitoa wapi? Lakini hapo palibaki jambo moja la kuhakikisha, na mtu wa kumuuliza alikuwa mjini, nyuma ya stendi.

*

Hamidi, baba yake mdogo Salha, alikuwa kwenye kibanda chake cha kuwawekea watu sinema kwenye flashi. Miaka ile alikuwa na televisheni moja, deki moja, betri ya gari na kipaza sauti, na kila siku ya mnada alikuwa anasimika turubai na kusimulia sinema kwa Kiswahili, sauti zote yeye: mfalme yeye, mchawi yeye, mbwa yeye.

"Shikamoo, ba' mdogo."

"Marahaba, Afande. Umekuja kunikamata au kunisalimia? Nijue kama nivae viatu."

"*Ndama wa Mwezi*. Kuna kisu?"

Mzee akaacha flashi aliyokuwa anaichomeka. "Nani kakuambia?"

"Kipo?"

"Kipo." Akakaa sawa, kifua mbele. "Niliitazama peke yangu kabla sijaipeleka mnadani. Naona binti anamchukua ndama aliyelala naye, aliyekula naye, anamchinja, apate mume. Nikasema, hii? Watoto wa wafugaji, wametoka na ng'ombe wao tangu alfajiri, niwaonyeshe hii? Wangenipiga mawe, na mimi ningewaokotea. Nikawa namwacha binti afike langoni mwa zizi, nachomoa waya. Kioo giza. Mimi naendelea kusema."

"Ba' mdogo! Miaka yote ile tulidhani betri imeisha. Tulikuwa tunakuchangia ya kuchajia!"

"Betri yangu haijawahi kuisha hata siku moja. Mwisho wao ulikuwa mbovu, nikaweka mzuri. Wakija hapa waniulize, nitawajibu hivyohivyo."

"Wameubadilisha wenyewe sasa. Wameondoa kisu."

Hamidi akapiga goti kwa kiganja. "Wamechelewa! Na hawajaniandika jina!"

"Kuna mwingine aliyewahi kuionyesha katuni hiyo huku?"

"Karatu yote na minada yote mpaka Mang'ola, kanda ilikuwa moja, na ilikuwa yangu."

Salha akanyanyuka, halafu akageuka mlangoni. "Ng'ombe akivimba tumbo kwa majani mabichi, watu wanampeleka kwa nani siku hizi?"

"Kama ana haraka ya kupona? Josephati wa Qurus. Anamtoboa ubavu wa kushoto, hewa inatoka, anaamka. Kuna mtu kavimbiwa?"

"Kuna mtu kaogopa," alisema Salha.

*

Mama yake Nashilu alikuwa ameketi nje ya kituo tangu asubuhi. Jina lake Nanyokie, mwanamke mrefu mwenye shanga zilizofika kifuani, na kando yake alikuwa amemfunga ng'ombe mweusi kwenye mlingoti wa bendera. Askari watatu walikuwa wamemwambia haruhusiwi kumfunga ng'ombe pale. Ng'ombe alikuwa bado pale.

"Takwenya, yeyo," Salha akamwamkia kwa Kimaasai, kama mama.

"Iko," akaitikia. Kisha kwa Kiswahili kigumu: "Huyu hajalala. Maziwa yamemjaa, anaita mtoto. Mimi pia naita mtoto. Tumekuja wote."

"Atapanda gari?"

Nanyokie akamwangalia ng'ombe, akamwangalia Salha. "Akijua anakokwenda, atapanda."

Salha akaomba Canter ya mfanyabiashara wa mbao, akamtoa Nashilu mahabusu kwa ajili ya utambuzi wa mali, akaandika kitabuni, akamchukua askari mmoja. Kisha akampigia Zablon simu kwa sauti tamu.

"Tunakwenda kutafuta vijijini. Ng'ombe mama ataita, ndama atajibu. Kampuni ilete mwakilishi wake. Njoo wewe, unajua kila kitu."

"Afande, mnatafuta kwa ng'ombe?" Zablon akaangua kicheko. "Hiyo kali. Nakuja, lazima nione."

Alipofika, Maren alikuwa nyuma yake na gari lake mwenyewe. Zablon akakaa mbele kwenye Canter, kati ya Salha na dereva. Nyuma, pamoja na askari, Nashilu na mama yake walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa ng'ombe.

"Tunaanzia wapi?" akauliza. "Msituni?"

"Qurus."

Zablon akaitazama barabara. Walipita mashamba ya vitunguu na ngano, walipita wanawake wanapura maharage.

"Qurus kuna nini?" hatimaye akasema. "Binti kaingia msituni. Nyayo si mmeziona."

"Nyayo tumeziona. Hebu niambie, wewe ile katuni uliionea wapi?"

"Nyumbani. Mzee alikuwa na deki, tuliiharibu ile kanda kwa kuitazama."

"Mlikuwa mnaiona mpaka mwisho?"

"Mpaka majina yanapanda."

"Una bahati. Sisi huku hatukuwahi. Mimi sikuwahi, Nashilu hakuwahi, dereva huyu je?"

"Ndama anakwenda kwa mama yake," dereva akasema bila kugeuka. "Betri inaisha."

"Unaona?" Salha alisema. "Na kwenye filamu mpya kisu wamekitoa, muulize mama Maren. Ndani ya gari hili, Zablon, mtu aliyewahi kukiona kile kisu ni mmoja tu. Sasa nieleze, Nashilu alikisikia wapi mpaka akamwambia ndama? Tena kwa Kiswahili?"

Zablon akavua kofia, akaikunja. 

Nyumba ya Josephati ilikuwa pembeni ya barabara, banda la mbao nyuma. Josephati mwenyewe, mzee wa Kiiraqw mwenye koti la mvua, akatoka kuwalaki, akamwona Zablon, akatabasamu.

"Karibu, bwana! Ndama wako anaendelea vizuri. Kidonda kinakauka."

Salha akamgeukia Zablon. "Ndama wako?"

Kijana akapata sauti ghafla. "Sawa! Ndama ninaye, ndiyo. Lakini huyu nilimnunua mimi, wa kwangu. Ndama weusi wako wangapi wilaya hii? Huyu hana hata doa. Mfungueni muone! Wa sinema ana mwezi, si mnajua?"

Josephati akafungua banda. Ndani alisimama ndama mweusi ti, paji jeusi, ubavu wa kushoto umepakwa majivu kuzunguka tundu dogo. Maren akamtazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Si yeye," akasema. "Hana mwezi."

Nashilu alikuwa ameshaanza kuruka kutoka kwenye gari. Salha akamshika mkono. "Wewe usiseme kitu. Usimwite. Watasema umemfundisha." Akamwambia Nanyokie, "Mshushe."

Ng'ombe alishuka mwenyewe. Alisimama uani, akanyanyua pua, akatoa sauti moja ndefu ya tumboni. Kutoka bandani ikajibiwa na sauti nyembamba, na kabla Josephati hajasogea ndama alikuwa amempita katikati ya miguu, kichwa chini, anachechemea, moja kwa moja kwenye kiwele.

Watu wa Qurus waliokuwa wamekusanyika wakaguna wote pamoja. Hapakuhitaji maelezo. Ng'ombe akifuatwa na ndama wa mwenzake anapiga teke. Huyu hakupiga teke. Alisimama imara, akageuza shingo, akaanza kumlamba mwanawe, mgongo, shingo, masikio, ubavu ule wa jeraha kwa uangalifu, kisha paji la uso. Ulimi ukapita mara ya kwanza, ukarudi mweusi. Ukapita tena. Masizi na mafuta vikaanza kuondoka, na chini yake kikatokea kitu cheupe, kidogo, kilichochongoka kama jani.

"Huo sio mwezi," alisema Nashilu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira, si kwa machozi. "Ndiye huyo."

Zablon alikuwa amekaa chini kwenye majani.

"Ningemwacha afe?" akasema. "Nilimlisha anenepe, basi! Kila siku tumbo, tumbo, tumbo. Asubuhi namkuta amevimba kama ngoma, anapiga magoti. Nikampakia, nikaendesha kama kichaa. Nilimwokoa!"

"Ulimwokoa," Salha akasema. "Hilo nitaliandika, na nikiitwa nitalisema. Halafu ulivaa kandambili ukatembea msituni, ukampaka masizi, ukamtungia binti maneno yasiyotoka kwake. Hayo pia nitayaandika. Simama."

Askari akamshika Zablon mkono. Maren alikuwa ameshasogea karibu na ndama, anachungulia jeraha, anahesabu kichwani.

"Hii tunaweza kuficha," alisema. "Kompyuta. Kwa kweli ni tundu dogo. Nashilu, pole sana, kampuni itatoa pole. Kesho tunamalizia, ndiyo? Ni mwisho tu umebaki."

Nashilu akamtazama juu mpaka chini.

"Hapana."

"Lakini mkataba..."

"Mlimchora mwanzo," Nashilu akasema. "Mchoreni tena."

Maren akamgeukia Salha. Mkataba alikuwa nao kwenye begi, mkono wake ulikuwa tayari kwenye zipu.

"Ndama ni kidhibiti cha polisi sasa," alisema Salha. "Haendi kwenye filamu mpaka kesi iishe. Na polisi hatuna zizi. Namkabidhi kwa mwenye ng'ombe mama, asaini hapa."

Nanyokie akaweka dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi kwa nguvu kama anayepiga muhuri wa serikali. Josephati akaja na ufunguo wa geti la uani, lakini Nashilu akauchukua mkononi mwake, akafungua mwenyewe, akalisukuma mpaka likagonga ukuta. Hakushika kamba. Hapakuwa na kamba. Ng'ombe alitangulia, ndama akafuata kiweleni, doa lake jeupe linaonekana toka mbali.

Simu ya Salha ikalia. Alikuwa Melkizedek.

"Vipi huko? Imeishaje?"

"Imeishia palepale inapoishiaga, Afande."

"Wapi hapo?"

Salha akawatazama watu wa Qurus wakipisha njia.

"Ndama amekwenda kwa mama yake. Andaa ile selo, binti hairudii. Namleta mwingine."